Juisi ya Ndizi Haingoji Umeme

Vijana wangu wa uani, mliniaga vizuri. Mlinivisha shati la kitenge linalonibana tumboni, mkanipa kiti cha plastiki na redio, kisha mkaniomba niandike niliyoyaona tangu nilipoanza kazi. Basi nimekikalia kiti, redio nimeizima, naandika. Nani alilipwa kiasi gani na nani alipanda cheo sitayaandika, kwa sababu uani kwa Bi Mwajuma vyeo vilikuwa viwili tu: Bi Mwajuma, na sisi wengine.

Nilitoka Kasulu kuja mjini kutafuta kazi ya samaki. Jamaa mmoja wa kwetu alikuwa Katonga, akaniambia kuna kazi ya kupokea mitumbwi, kupanga migebuka kwenye matenga na kuwafunika barafu wasafirishwe. Niliifanya mpaka mgongo ukaanza kunisemesha. Siku moja nikatumwa kupeleka samaki kwa mama wa Kimanyema, ndiye Bi Mwajuma, aliyekuwa akitengeneza lambalamba, barafu za matunda za kijiti, nyumbani kwake, nyuma ya soko la Mwanga. Nilimkuta anamenya nanasi, nikasimama kumtazama, akaniuliza kama nimelala na njaa. Nikamjibu hapana, nashangaa tu anavyotupa nyama nyingi pamoja na macho ya nanasi. Akanipa kisu nimwonyeshe. Nikajikata kidole, nanasi likaharibika lote, na kwa sababu ambayo hakuwahi kunieleza akasema nirudi kesho yake.

Wavuvi wa Katonga walinicheka mwaka mzima. Mtu mzima na ndevu zake, eti kazi yake kumenya mananasi na kuchuja maembe. Nikipita pale waliniita shemeji, kwa maana kwamba sasa naolewa mimi. Niliwaacha wacheke, maana mgongo ulikuwa wangu, na jua la kiangazi lilipokuwa linachoma mchanga wa ufukweni mimi nilikuwa kivulini nikilamba vidole.

Siku ya kwanza nilipewa kazi ya vijiti. Vinachemshwa, vinaanikwa, halafu vinasimamishwa kwenye vikombe vya juisi. Nikavisimamisha mara tu juisi ilipomiminwa, nikavitia vikombe kwenye friza nikijiona fundi. Vilipoganda, kila kijiti kilikuwa kimelalia upande wake, kingine kimezama kabisa, na mteja angelazimika kula lambalamba kwa kijiko. Bi Mwajuma hakugomba. Aliviweka mezani vyote, akaniita nivitazame, akaendelea na kazi yake. Tangu siku hiyo najua kwamba kijiti kinangoja juisi ianze kushika, ikiwa kama uji mzito, ndipo kinasimama chenyewe.

Mama yule alikuwa na chuki mbili, ya sukari ya dukani na ya rangi za unga. Alikulia Ujiji akiona watoto wanatoka dukani ndimi zao nyekundu kama wamekula wino, na jioni matumbo yanauma. Akaapa kwamba kwake itaingia tunda, maji yaliyochemshwa, na pale inapobidi asali ya kwetu kidogo. Mkisikia watu wanasema lambalamba zetu hazina sukari, wasahihisheni. Ndizi ina sukari yake na embe lina sukari yake, na mgonjwa wa kisukari msimdanganye. Tunachoweza kusema ni kwamba sisi hatujaongeza.

Kazi bila sukari inataka tunda lililoiva mpaka linakaribia kukasirika. Nanasi linunusieni kitakoni. Kama halinukii huko, liacheni na mwenye nalo. Embe la nyuzi lichujwe mara mbili. Papai peke yake likiganda linakuwa na ladha ya sabuni, kwa hiyo likamulieni ndimu. Parachichi na asali likisagwa vizuri linakuwa laini kuliko kitu chochote mtakachonunua dukani, ingawa litawapa shida kuliuza, kwa kuwa wateja hawaamini kitu cha kijani. Tikiti maji lina maji mengi, likiganda ni jiwe lenye rangi, na mimi nilishalikatia tamaa. Na kumbukeni kwamba baridi inakula utamu. Juisi ikionjwa kabla ya kugandishwa iwe tamu kupita kiasi kidogo, la sivyo mtoto atalamba na kuuliza hii ni ya nini.

Vyombo vyetu vilikuwa friza moja yenye mlio wa pikipiki, brenda, chujio na visu. Zamani tulifungia kwenye vifuko vidogo vya nailoni, na vilipopigwa marufuku wengi mjini waliacha kazi. Bi Mwajuma akanunua vikombe vyembamba vya chuma kisichoshika kutu, akaenda kwa fundi bati wa Mwanga, naye akamchongea fremu yenye matundu ya kuvishika visianguke. Fremu hiyo ndiyo mnayoitumia mpaka leo. Mkiipinda, mtamjibu fundi bati mwenyewe, naye ni mzee mkali.

Friza ndiyo iliyotutesa. Mnajua mji wetu ulivyo, mtu mwenye friza ana ndugu wengi. Jirani anakuja na mgebuka wake mmoja, amefunga vizuri, anaomba samaki alale humo mpaka kesho, na kumkatalia mtu kumwekea samaki hapa Kigoma ni sawa na kumfungia mlango akiwa na mgonjwa. Bi Mwajuma alimkubalia mmoja. Wiki ile tukauza lambalamba za pasheni zenye harufu ya ziwa. Ilibidi azunguke nyumba kwa nyumba kuwaeleza majirani kwamba friza ya matunda haikai na samaki, na kwa kuwa maneno peke yake hayakutosha, kila nyumba aliipelekea lambalamba. Walimwelewa baada ya kulamba.

Miaka ikaenda hivyo, mpaka alipokuja Spesioza. Huyu mnamfahamu kama bosi wenu, kwa hiyo nyoosheni migongo mnaposoma. Wakati ule alikuwa mama kijana, mzaliwa wa Kagunga, wazazi wake walivuka kutoka Burundi. Mama yake alijulikana ziwani kote upande ule kwa pombe ya ndizi, na Spesioza alikua akiikamua. Alikuja kuomba kazi ya kuosha vikombe. Alipoona tunasaga ndizi na kuongeza maji ili zipite kwenye chujio, akacheka kwa kujificha, akaniambia kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani kwamba ndizi haihitaji maji, ina maji yake, ni kuyaomba tu yatoke.

Bi Mwajuma akamwambia ayaombe tuone. Spesioza alileta ndizi za pombe, zile fupi zilizoiva shimoni zikiwa zimefunikwa kwa majani ya mgomba. Akaleta nyasi ndefu alizozichemsha na kuzianika juani. Akamenya ndizi, akazitia kwenye beseni pamoja na nyasi, akaanza kuzikanda kwa mikono miwili kama mtu anayefua blanketi. Kwa muda mrefu ikawa uji wa nyasi tu, nami nikawa nawaza jinsi ya kumfariji. Halafu juisi ikaanza kutoka. Ilitoka safi, ya rangi ya asali, bila tone la maji wala punje ya kitu kingine, tamu mpaka meno yanashtuka. Kwao wanaiita umutobe. Tukiwa pale tunaonja, Bi Mwajuma akasema hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta maisha yake yote. Sijapata kumsikia akisifu kitu namna hiyo kabla wala baada.

Shida ya umutobe ni kwamba haukai. Ukiupa siku na joto unaanza kutoa povu wenyewe, na ukiupa unga wa mtama uliokaangwa unakuwa pombe kamili. Na kosa lilikuja kwa njia ambayo mtu wa Mwanga asingeliwaza. Spesioza alikamua nyumbani kwake, akaubeba kuja kazini kwenye mtungi wa mama yake. Aliuosha vizuri sana. Lakini mtungi uliokaa na pombe miaka yote hiyo unajua kazi yake hata ukioshwa, na siku hiyo umeme ulikuwa unakuja na kukatika. Lambalamba za siku ile hazikushika vizuri, zikawa laini laini. Tukadhani ni friza. Deli la kubebea lambalamba likapelekwa Katonga kama kawaida.

Jioni wavuvi walinijia wenyewe hadi Mwanga, wakiwa na furaha isiyo ya kawaida, wakiuliza kama zile za leo zitakuwepo na kesho. Mmoja alisema ni mara yake ya kwanza kuburudika kwa kijiti. Nikaonja moja iliyobaki, na mimi kanisani kwetu sikukatazwa glasi moja, kwa hiyo niliielewa mara moja. Kesho yake Bi Mwajuma aliutoa mtungi uani, akasema kuanzia sasa umutobe unakamuliwa hapa hapa, kwenye beseni jipya, na unaingia kwenye friza kabla haujapumzika. Tukacheka wote, Spesioza akacheka kuliko sisi. Tulidhani yameisha.

Hayakuisha. Katonga ni karibu na Ujiji, na maneno hayapandi bajaji. Baada ya siku chache ikasemwa kwamba Bi Mwajuma amemchukua binti wa muuza pombe, na sasa anawagandishia watoto pombe kwenye vijiti. Bi Mwajuma alikuwa mtu wa Ujiji, wazazi wake wamezikwa Ujiji, na wateja wake wakubwa walikuwa madrasa za huko. Wateja wakapungua. Mmoja alirudisha deli likiwa limejaa. Bi Mwajuma nilimwona akipanga upya vikombe vilivyokuwa tayari vimepangwa. Spesioza aliacha kucheka. Alikuwa na watoto wawili na kazi hiyo moja, lakini kilichomuuma, aliniambia, ni kwamba alitoka Kagunga ili asiitwe mtu wa pombe, na sasa anaitwa hivyo kwa sababu ya juisi. Akasema ataondoka ili Bi Mwajuma apate wateja wake.

Kabla hajaondoka akaja Bi Zena. Huyu alikuwa mke wa maalim wa madrasa moja ya Ujiji, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, ambaye alikuwa ameshatuagiza lambalamba za Maulidi. Mwaka ule Maulidi iliangukia katikati ya joto kali. Alisalimia, akakaribishwa, akakaa. Bi Mwajuma akamweleza habari yote, pamoja na mtungi, hakuficha hata wavuvi. Bi Zena akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Spesioza, ambaye alikuwa amesimama karibu na karo akijifanya anaosha chombo.

"Mwanangu, hiyo pombe wewe mwenyewe unakunywa?"

"Oya, hapana, Bibi. Mimi nimeokoka. Tangu nimeokoka sijaitia mdomoni."

"Na siku ile, uliionja?"

"Sikuionja, Bibi. Ningeionja ningeijua, nisingeiacha itoke hapa. Hilo ndilo linaloniliza."

Bi Zena akasema basi wako wawili wasiokunywa, na mtu asiyekunywa ana sababu ya kuwa mwangalifu kuliko mwingine. Akaagiza lambalamba za ndizi ziwepo kwenye Maulidi pamoja na za nanasi na embe, kwa sharti moja: zikamuliwe asubuhi ya siku ile ile, naye aje aone kwa macho yake. Bi Mwajuma alimuuliza kama ana hakika, maana angeweza kuagiza za embe tu na mambo yakapita. Bi Zena akajibu kwamba zikikosekana za ndizi, watu watakuwa wameshahukumu.

Asubuhi ya Maulidi alifika mapema kweli. Alikaa kwenye kigoda akatazama ndizi zinamenywa, nyasi zinaingia, juisi inatoka. Akapewa kikombe, akanywa, akasema alhamdulillahi, akaondoka kwenda kupika pilau. Tukamimina kwenye vikombe, tukavipanga kwenye friza. Tulikuwa bado tunasifiana pale friza iliponyamaza. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na fundi mmoja aliyepita akasema kuna nguzo imeanguka, tusingoje leo.

Za nanasi na embe hazikuwa na wasiwasi, ziliganda tangu jana, na friza isipofunguliwa zingefika alasiri. Za ndizi zilikuwa bado vuguvugu, na jua linapanda. Bi Mwajuma alikaa chini. Akasema tupeleke tulizonazo, tuwaambie ukweli kwamba umeme umekatika. Ukweli ulikuwa huo, lakini kila mmoja wetu alijua Ujiji wangeusikiaje: za ndizi zimeota povu tena, zimefichwa. Spesioza alikuwa anafunga kanga yake kiunoni polepole, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Nikakumbuka Katonga. Nilipokuwa huko, mtu akimwagia chumvi kwenye kasha la barafu kwa bahati mbaya, samaki wa chini walikuwa wanakauka kama kuni, na ukitia mkono humo unauma, maana chumvi huizidishia barafu baridi. Tulikuwa tunagombezwa kwa ajili hiyo, maana samaki waliogandishwa hivyo walipoteza sura sokoni. Nikamwambia Bi Mwajuma anipe nauli ya bajaji na anitafutie chumvi ya Uvinza, ile ya mawe, kiasi chochote atakachopata dukani. Hakuniuliza maswali. Nikafika Katonga, nikaomba barafu mpya ambayo samaki hajailalia. Wavuvi walitaka kujua ni ya nini. Nilipowaeleza, wakasema kama ni zile za siku ile barafu ni bure, na kama ni za Maulidi ni bure pia, ila nitakuwa nimewaangusha.

Tukaiponda barafu kwenye mabeseni, tukaichanganya na chumvi, tukaitoa haraka fremu ya vikombe vya ndizi kwenye friza, tukaishusha katikati. Tulifunika vikombe kwa sahani na kitambaa ili chumvi isirukie ndani, halafu tukawa tunakoroga barafu pembeni na kuongeza kila ilipoyeyuka. Mikono ilikuwa inauma mpaka tunapokezana. Spesioza alikataa kupokezwa. Juisi ikaanza kushika ukingoni, ikawa uji, nikasimamisha vijiti, navyo vikasimama wima kama wanafunzi wanaomwogopa mwalimu. Lambalamba moja iliingia chumvi, nikaila mwenyewe kwa faida ya wote. Ilipofika adhuhuri zilikuwa ngumu, ukigonga kikombe unasikia.

Tulifika Ujiji na madeli mawili. Watoto walikuwa wamekaa kwa safu, kofia nyeupe na mitandio, kasida zimekwisha, wanangoja tu ruhusa. Akina mama walikuwa upande wao kwenye mikeka. Bi Zena alitupokea mlangoni, nikamweleza haraka habari ya umeme na barafu na chumvi, maana niliona si haki asijue. Akaniuliza kama ni ile ile aliyoiona ikikamuliwa. Nikasema ni ile ile, haijapumzika hata kidogo.

Akamshika Spesioza mkono akaingia naye, akamkalisha kwenye mkeka katikati ya akina mama, nafasi ambayo haikuwepo mpaka waliposogea. Kisha akachukua lambalamba ya ndizi, akasema bismillahi, akaila mbele yao wote, bila haraka, mpaka kijiti kikabaki kitupu. Akachukua ya pili akampa mjukuu wake. Baada ya hapo sikuweza tena kuhesabu mikono iliyonyooshwa kwenye deli, na akina mama waliokuwa wamesogea kwa shida sasa walikuwa wananipigia kelele kwamba safu yao imesahaulika. Za ndizi zilikwisha kabla ya nanasi.

Hapo nilidhani nimeshaona yote. Lakini kesho yake asubuhi, umeme umerudi, friza inalia kama kawaida, Bi Zena aliingia uani akiwa amevaa kanga ya kazi. Alisema amekuja kujifunza. Spesioza akamwekea beseni, ndizi na nyasi, na mke wa maalim akaingiza mikono mpaka viwiko, akakanda, akakanda, ikatoka uji mtupu. Spesioza alikuwa amepiga magoti pembeni yake, anamwambia akaze mikono, asiionee huruma ndizi, naye Bi Zena anahema na kucheka kwa pamoja.

Wanawake wawili wa Ujiji waliokuja sokoni walipita, wakamtambua, wakasimama kwenye uwazi wa ua wakichungulia bila kusalimia. Niliwajua. Mmoja wao ndiye aliyeturudishia deli likiwa limejaa. Bi Zena aliinua uso, jasho linamtiririka, majani ya nyasi yamemganda mkononi hadi juu, na juisi ya kwanza ikawa ndiyo inaanza kuchuruzika.

"Mnatazama nini huko nje?" akawaambia. "Ingieni. Beseni lipo jingine, na huyu mwalimu wangu ana subira."

Spesioza akasimama, akaenda kuwaletea beseni.